Giza la saa kumi alasiri: reflekta, tochi ya kichwani, au ubadilishe saa ya kutoka?

Tarehe 21 Desemba jua la Helsinki, mji mkuu wa Ufini, huchomoza saa 3:24 asubuhi na kuzama saa 9:13 alasiri. Hapo umepata mchana wa saa tano na dakika 49, na siku za mawingu, ambazo ndizo nyingi, mwanga wake ni hafifu, unakukumbusha alfajiri ya Dar es Salaam. Ukipanda kaskazini hadi mji wa Oulu unabakiwa na saa tatu na nusu hivi. Utsjoki, kaskazini kabisa, jua halichomozi hata kidogo tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. London ni afadhali, karibu saa nane, lakini hata huko jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Aliyekulia Tanga au Bukavu, ambako jua la Juni na la Desemba huzama kwa saa zisizopishana sana, hana kipimo cha jambo hili mwilini. Anapanga kwenda dukani saa kumi akijua bado ni alasiri, kumbe ni usiku.

Ndiyo maana kila Oktoba wageni wapya huuliza swali lile lile: ninunue nini? Rafu za dukani zimejaa. Kuna reflekta za kuning'inia za euro chache, vizibao vya manjano, taa ndogo za kumetameta, tochi za kichwani za euro ishirini mpaka mia na zaidi. Kuna pia njia isiyogharimu kitu, nayo ni kubadilisha saa ya kutoka au njia unayopita. Ninavilinganisha hapa nikimfikiria mtu wa miguu anayeishi Ufini, ingawa aliye Uswidi, Norwe, Uingereza au Minnesota huko Marekani atajiona humo pia. Nisizunguke: wengi huanza kwa kununua tochi, na kwa maoni yangu wameanza nyuma mbele.

Nani anamwona nani

Ukiwa gizani unaliona gari likiwa mbali sana, pengine nusu kilomita. Macho yako yanakuambia kwamba mnaonana. Mtego uko hapo hapo. Dereva ana taa mbele yake, lakini taa za dimu humulika chini na karibu, na mtu aliyevaa koti jeusi hatokezi mpaka awe mita 50 hivi kutoka kwenye gari. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo tangu dereva akuone mpaka akufikie ni sekunde mbili na kidogo, na sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka, kabla mguu haujagusa breki. Lami ikiwa na barafu, hesabu imeshaharibika.

Ukivaa reflekta, kwa taa hizo hizo za dimu, unaonekana kuanzia mita 150 hivi. Sekunde mbili zimekuwa karibu saba. Dereva akiwa na taa za fulu unaonekana mamia ya mita. Sijui kifaa kingine cha bei ya kikombe cha kahawa kinachonunua sekunde tano za maisha.

Mwezi wa kuogopwa zaidi, tena, si ule wa baridi kali. Januari theluji ikishatanda, ardhi nyeupe hurudisha kila mwanga wa taa na wa mwezi, na mtu mwenye koti jeusi huonekana kama kivuli juu ya shuka. Novemba haina theluji bado, au imeanguka ikayeyuka. Lami imelowa, inameza mwanga, mvua iko kwenye kioo cha gari, na saa zimeshavutwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo machweo ya Helsinki yameruka kwa siku moja kutoka saa kumi na moja na ushei hadi saa kumi na ushei. Madereva nao hawajazoea. Kama utajiandaa kwa mwezi mmoja tu, jiandae kwa Novemba.

Reflekta ya kuning'inia, kizibao, au taa ndogo

Reflekta ya kuning'inia ni kipande cha plastiki ngumu kidogo kuliko kiganja, chenye uzi na pini. Anayetajwa kuianzisha ni Arvi Lehti, mtengenezaji wa vitu vya plastiki wa Pertteli, kusini-magharibi mwa Ufini, na mpaka leo Wafini huigawa kama sisi tunavyogawa kalenda za mwaka mpya: benki, shule, kampuni za bima. Dukani uliza heijastin. Sheria ya barabara ya Ufini kwa miaka mingi imemtaka mtembea kwa miguu aivae gizani, ila bila faini kwa asiyeivaa. Ng'ambo ya ghuba, Estonia, polisi wanaweza kukutoza.

Uzuri wake ni kwamba inacheza. Unapotembea inazunguka kwenye uzi wake na kumulika kwa kukatika katika, na jicho la dereva hunasa kinachocheza kabla ya kinachotulia. Ubaya wake ni kwamba watu huivaa vibaya. Wengi huifunga kwenye zipu ya begi mgongoni, juu, upande mmoja. Taa za dimu zinapiga chini, kwa hiyo mahali pake ni usawa wa goti, na ziwe mbili, kulia na kushoto, ili gari lolote, litoke mbele au nyuma, likute moja haijafichwa na mwili wako. Ifunge pini ndani ya mfuko wa koti. Mchana unairudisha mfukoni, jioni unaitoa ikaning'inia. Ikikwaruzwa na funguo humo mfukoni hufifia, na plastiki iliyopata michirizi mingi ni pambo tu. Ukitaka kujua kama yako ingali hai, ining'inize kwenye korido yenye giza, simama mbali, piga picha kwa flashi ya simu. Hai huwaka nyeupe kwenye picha. Iliyokufa huonekana kijivu.

Angalia pia alama nyuma yake. Iliyopimwa huandikwa CE pamoja na namba ya kiwango cha Ulaya, EN 17353, au EN 13356 kwa zile za zamani. Vidoli vya kung'aa vya kuning'iniza kwenye begi la shule vinafanana nazo kabisa, na vingi si reflekta.

Kizibao cha reflekta tunakijua kutoka kwa bodaboda. Watu hukiamini kwa sababu ya ile rangi ya manjano inayochoma macho, na hapo ndipo wanapokosea. Rangi hiyo huwaka kwa miale ya urujuanimno ya jua. Mchana na wakati wa machweo inafanya kazi nzuri kuliko kitu kingine chochote hapa, lakini usiku jua halipo na kinachobaki kukuokoa ni zile tepe za fedha. Kizibao kilichofuliwa mpaka tepe zimekatika kinabaki nguo ya manjano tu, na manjano usiku haisaidii sana. Lebo ya ndani hueleza kinavumilia kufuliwa mara ngapi. Alama ya vile vya kazini ni EN ISO 20471.

Nikiviweka pamoja: kizibao kina eneo kubwa la kumulika na kinaonekana pande zote, hakihitaji ufundi wa kukivaa, na juu ya koti nene kinaingia bila shida ukichagua kikubwa. Kwa barabara isiyo na taa wala njia ya miguu, kizibao kinashinda. Lakini kina kasoro moja ambayo watafiti wa kuona usiku, akiwamo Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland huko Australia, wameionyesha zaidi ya mara moja: kifuani pekee, tepe zinamwambia dereva kuna kitu, hazimwambii ni mtu. Zinaweza kuwa kibao cha barabarani. Ukiongeza tepe kwenye vifundo vya miguu na magoti, sehemu zinazotembea, ubongo wa dereva hutambua mwendo wa binadamu mapema zaidi. Mikanda miwili ya reflekta ya kuvaa kifundoni ni ya bei ndogo, na mimi ningeichagua kabla ya kizibao cha pili.

Kuna pia suala ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Kizibao kinakufanya ufanane na mtu wa ujenzi, na wapo wasiotaka kupanda metro wamevaa hivyo. Sawa. Kifaa kinachobaki nyumbani kwenye msumari hakimsaidii mtu, kwa hiyo anayeona haya avae za kuning'inia na mikanda ya miguu, akizifungua mlangoni mwa kazini.

Taa ndogo za kumetameta, zile za kubana kwenye koti au mkononi, zinaziba pengo moja muhimu. Reflekta haina mwanga wake. Inangoja taa ya mwingine, na asiye na taa ya maana hakuoni: baiskeli isiyo na taa, skuta ya umeme yenye kitaa dhaifu, gari linalotoka kinyumenyume kwenye maegesho. Taa ya kumetameta inaonekana na wote hao. Lakini betri yake huisha bila kukuaga, na ikiwa ndogo sana dereva haelewi iko umbali gani. Naiona ni nyongeza nzuri kwa mjini, na kosa kubwa ikivaliwa badala ya reflekta.

Tochi ya kichwani na tochi ya simu

Sasa upande wa kuona. Mjini kwenye taa za barabarani huhitaji tochi. Unaihitaji pale njia inapokatisha msituni kati ya mtaa na mtaa, na Ufini hizo hazikosekani hata katikati ya Espoo au Vantaa, miji jirani ya Helsinki, au unapoishi kijijini ambako kituo cha basi ni nguzo moja kando ya barabara kuu.

Tochi ya simu ni bure, na kwa kutafuta tundu la ufunguo inatosha. Kwa kutembea haifai. Mwanga wake unatawanyika na kufia hatua chache mbele, mkono lazima utoke kwenye glavu, na baridi huinyima betri nguvu, hata simu iliyosoma asilimia 40 ndani ya nyumba inaweza kuzimika nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ikizima umepoteza mwanga na namba ya dharura kwa mpigo mmoja. Simu iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ibaki kuwa simu. Humo iwe na programu ya 112 Suomi: ukipiga 112 kupitia programu hiyo, mahali ulipo hutumwa kwa mpokeaji, na msituni gizani hicho ndicho kitu cha kwanza usichoweza kueleza.

Tochi ya kichwani, otsalamppu, inaacha mikono miwili huru kwa kigari cha mtoto, mfuko wa vitu, au kujishika unapoteleza. Usihangaishwe na maboksi yanayojisifia lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) elfu na zaidi. Kwa kutembea, lumeni 200 hadi 300 zinatosha kabisa. Mkimbiaji wa msituni ataka zaidi kidogo. La muhimu ni kitufe unachoweza kukibonyeza ukiwa na glavu, mwanga unaopunguzika kwa hatua, na betri. Zile za kuchaji kwa waya wa simu ni rahisi kwa matumizi ya kila siku. Zinazotumia betri za kawaida zina faida kwenye baridi kali, mradi uweke za lithiamu. Za alkalini hulegea mapema mno.

Ina adabu zake pia. Ukikutana na mtu au gari, inamisha kichwa au punguza mwanga, maana dereva uliyemtia upofu ndiye huyo huyo unayemtegemea akuone. Theluji ikianguka kwa wingi, tochi ya kichwani inageuka pazia: mwanga uko karibu mno na macho, unapiga kila chembe ya theluji na mvuke wa pumzi yako na kukurudia usoni. Siku kama hiyo ivue uishike mkononi, usawa wa kiuno, na njia itafunguka tena. Na kama mbalamwezi ipo na theluji ni nyeupe, jaribu kuizima kabisa. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, lakini yakishazoea utaona msitu mzima, si duara moja la mwanga lenye ukuta mweusi pembeni.

Njia: fupi, yenye taa, au kando ya barabara

Hapa tuliotoka Tanzania, Kenya na Uganda tuna tabia ya kusahihisha. Nyumbani magari hupita kushoto, kwa hiyo mtu mwangalifu hutembea kulia ili ayaone yanayomjia. Ufini magari hupita kulia. Ukibeba tabia ya nyumbani unajikuta umeyapa mgongo magari yaliyo upande wako. Kwenye barabara isiyo na njia ya miguu, tembea kushoto. Ndugu wa Kongo, Rwanda na Burundi wamezoea hivyo tangu kwao, na aliyehamia Uingereza atarudi kwenye kulia.

Kati ya njia fupi ya giza na ndefu yenye taa, nachagua ndefu isipokuwa tofauti ni kubwa sana. Manispaa nyingi za Ufini zina njia za mazoezi zenye taa msituni, na ni mahali pazuri pa kutembea jioni, ila mambo mawili: taa hizo huzimwa usiku, kwa saa inayotofautiana mji na mji, na theluji ikishakuwa ya kutosha njia nyingi hugeuzwa za kuteleza kwa ski. Ukiona michirizi miwili iliyochongwa, hapo si pa miguu, na Mfini mpole kuliko wote atakukaripia.

Njia fupi ya kukatisha juu ya ziwa au ghuba iliyoganda siilinganishi na chochote. Maelekezo ya Ufini husema sentimita 5 za barafu ngumu humbeba mtu mmoja. Minnesota wao wanataka inchi 4, yaani kama sentimita 10. Ukiona wazoefu wenyewe wanapishana mara mbili, na wewe gizani huwezi hata kuona rangi ya barafu, zunguka.

Kuhusu utelezi nitasema machache: vile vyuma vya kuvaa chini ya viatu, liukuesteet, vinafaa sana Novemba na Machi, barafu inapoyeyuka mchana na kuganda usiku. Vivue kabla ya kuingia dukani, maana juu ya vigae vinateleza kuliko kiatu kitupu.

Au ubadilishe saa

Anayeweza kutoka nje kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana hahitaji nusu ya yote niliyoyaandika. Kutembea dakika thelathini wakati wa chakula cha mchana, hata chini ya mawingu, ni salama kuliko kukimbia jioni na vifaa vya euro mia mbili, na mwili unapata mwanga unaoukosa. Wa ofisini, mwanafunzi, mzazi aliye likizo ya uzazi: anzeni hapa, kabla ya kufungua pochi.

Ila ushauri huu hutolewa kirahisi na wenye ratiba nyepesi. Anayesambaza magazeti huanza kazi usiku wa manane. Msafishaji hupanda basi la kwanza, na wa zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee hutoka saa nne usiku. Ndugu zetu wengi wako humo. Kwao saa haibadiliki, kwa hiyo pesa iende kwenye kuonekana: kizibao, mikanda ya vifundoni, na reflekta mbili za akiba kwenye koti. Msambaza magazeti anaongeza tochi ya kichwani kwa sababu anasoma namba za milango na kupanda ngazi za nje zenye barafu. Msafishaji wa mjini anaweza kuishi bila tochi kabisa.

Mkimbiaji wa jioni achukue kizibao chepesi cha wavu badala ya koti la reflekta, mikanda ya miguu, na tochi kama anaingia msituni. Mwenye kigari cha mtoto afunge reflekta kwenye kigari chenyewe, pande zote mbili na mbele, kwa sababu kigari ndicho kinachotangulia kwenye zebra na yeye yuko hatua moja nyuma. Mzee aliyekuja kuwatembelea wajukuu mwezi wa Desemba, ambaye hatakaa na hataki madoido, mpeni reflekta mbili, vyuma vya viatu, na mtu wa kutoka naye saa sita mchana.

Watoto ni habari nyingine, kwa sababu Ufini mtoto wa miaka saba huenda shule peke yake, na Desemba kengele ya kwanza hulia kabla jua halijachomoza. Begi lake linafunika mgongo mzima, kwa hiyo reflekta ya mgongoni kwenye koti haionekani. Weka kwenye begi, na nyingine mbili chini kwenye pindo za koti. Nyingi hupotea kufikia Krismasi, kwa hiyo nunua kadhaa kwa mpigo mwezi wa Oktoba, na kila Jumatatu jioni zikague pale koti linapotundikwa.